Mkamwana Aliyenitaja Jina

Mimi ndiye niliyewasha taa ya kwanza ya sola pale Chimala, upande wa mlimani, na hilo sitaki mtu anisahihishe. Wakati ule watu waliiona paneli wakadhani ni kioo, wanawake wawili wakasogea kujitazama. Nilipanda juu ya bati la zahanati ya usharika wetu, nikafunga paneli, nikashusha waya mpaka kwenye betri ya maji, na jioni ile ile mama mmoja akajifungua chini ya mwanga mweupe badala ya kibatari. Mtoto aliyezaliwa sasa anaendesha trekta kwenye mashamba ya mpunga. Tukikutana ananiita mkunga.

Jina langu ni Anyelwisye Mwaisumo. Nilizaliwa Rungwe, nikashuka Chimala kijana, nikaajiriwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mchana nilikuwa pumba tupu mpaka kwenye nyusi. Jioni nilioga, nikavaa shati lenye kola, nikaenda shule ya watu wazima kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na mke na watoto. Fizikia nilipata C, na cheti kile nimekiweka kwenye fremu sebuleni, jirani na picha ya harusi. Mke wangu Yudith huwaambia wageni, "Mzee ametundika mitihani yake miwili. Huo wa shule ndio aliofaulu."

Umeme niliusoma kwa vitabu na kwa mikono, na mikono ndiyo iliyonipa jina la mtaani: Mzee Cheche. Betri za maji zilipokuwa ndizo betri pekee tulizozijua, mimi sikuhitaji mita. Nilichukua kipande cha waya, nikakigusisha kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, haraka, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto kwa kidole. Cheche ikitoka nyekundu na ya uvivu, betri imechoka. Ikitoka ya bluu na kulia "tss", betri imeshiba. Nikisema imebaki nusu, wenye mita wakipima wanakuta nusu. Nimefanya hivyo Chimala, nimefanya hivyo Mbalizi siku ya gulio, watu wamejaa, nami nikawa kama mganga.

Basi mwaka juzi muuguzi wetu Sabina, mkuu wa zahanati, akaniita ofisini.

"Mzee Mwaisumo," akasema, "tunaletewa mtambo mpya. Paneli nyingi, na betri za lithiamu. Friji ya chanjo itafanya kazi usiku kucha, na chumba cha kujifungulia hakitazimika tena."

"Nitaufunga," nikamwambia, nikaanza kusimama.

"Kaa kwanza. Wanaotoa mtambo wametaka fundi mwenye cheti na leseni ya kufunga sola na betri. Nimewaambia tuna wewe. Wakaniuliza, ana cheti? Nikasema ana mikono. Wakasema mikono ailete kwenye mtihani."

Ningeweza kukasirika, kama walivyokasirika mafundi wengi wa umri wangu, wanaosema vyeti ni vya watoto. Lakini mimi ni mtu wa shule ya jioni. Mtihani haujawahi kunitisha. Kilichonitisha ni kitu kingine: kwamba gari lingekuja kutoka Mbeya na fundi mgeni, apande juu ya bati lile lile, ang'oe vyuma nilivyovifunga kwa mkono wangu, nami nisimame chini nimshikie ngazi. Zahanati ile nilitaka niikabidhi taa yake ya mwisho kama nilivyoipa ya kwanza. Hicho tu ndicho nilichokitaka.

"Chumba cha betri kinajengwa lini?" nikamuuliza.

"Fundi uashi ndiyo anaanza msingi. Kuta zikauke, sakafu ikauke, matundu ya hewa yawekwe. Bila hivyo betri haziingii. Una muda, mzee wangu, ila si muda wa kuchezea."

Kozi ilikuwa Iringa, kwenye chuo kimoja cha ufundi, kozi ya mafundi wazoefu waliojifunzia kazini. Unasoma, unapimwa kwa vitendo, unapewa cheti. Nilifunga begi, nikaweka na tai.

Hapa lazima niseme habari ya mkamwana wangu.

Mwanangu Peter anafundisha shule ya sekondari Iringa, na huko alioa binti wa Kihehe wa Kalenga, Eveline. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakutazami usoni. Hakai chumba kimoja nawe, hapishani nawe njiani, na jina lako halipiti mdomoni mwake. Tunaita kutila. Si chuki, ni heshima iliyopewa mwili. Siku hizi wengi wameiacha, lakini nyumba yangu haikuiacha. Eveline hakuzaliwa na mila hiyo. Yudith alimfundisha, naye akaibeba kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa, bila kumwaga tone. Nikienda kwao kumwona mjukuu wangu Gloria, mama yake hutoka kwa mlango wa jikoni. Chakula huja kwa mkono wa mtoto. Nami husema kuelekea pazia, "Ahsante, Mama Gloria," na nyuma ya pazia hujibiwa na kikohozi kidogo. Tangu harusi yao, mazungumzo yetu yote yalikuwa kikohozi kile.

Nilijua anafundisha umeme chuoni. Lakini umeme ni mpana, na mimi sikuuliza.

Siku ya kwanza mkuu wa kozi, Mwalimu Crispin, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitusomea ratiba. Paneli na nyaya atafundisha yeye. Betri na usalama atafundisha Mwalimu Eveline.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo ni mkamwana wangu."

"Oh, vizuri sana! Karibu sana, mzee!"

"Si vizuri. Hatuwezi kukaa darasa moja."

Crispin akavua miwani, akaivaa tena. Nyuma yangu akacheka Vitus, Mbena mnene anayefunga sola kwenye kambi za wakata miti huko Mgololo. "Ndiyo nyinyi Wanyakyusa," akasema. "Mmekula ndizi mpaka mnakimbia wake za watoto wenu!"

"Na nyinyi mmekunywa ulanzi mpaka hamjui mke wa nani ni nani," nikamjibu, na darasa likalipuka. Mtani akikupiga, unamrudishia hapo hapo.

Crispin akatoka, akaenda kuongea na Eveline, akarudi. Alisema mwalimu ametoa heshima zake, na anapendekeza mzee aketi nje ya dirisha, kwenye baraza, kiti kitawekwa. Yeye atasimama mbele, atasema kwa sauti. Dirisha litakuwa wazi, pazia litashushwa.

Nikaona ni busara. Na hivyo ndivyo mimi nilivyosoma somo la betri: nje, kwenye upepo wa Iringa wa mwezi wa sita, koti limefungwa mpaka shingoni, sikio kwenye pazia. Jofrey, kijana wa Mbalizi aliyekuja na kofia ya kugeuza nyuma, alinipitia na kikombe cha chai akasema, "Babu, wewe unasoma kwa redio! Ukikosa mawimbi nistue."

Lakini sauti niliyoisikia, jamani! Sikuwahi kuisikia kabla. Ilikuwa sauti pana, isiyo na haraka, inayoweka kila neno mahali pake kama mtu anayepanga mayai. Alieleza jinsi betri ya lithiamu inavyofanya kazi, kwa nini ina kidhibiti chake ndani, kwa nini haiwekwi karibu na jiko hata kama Makete kuna baridi. Alieleza swichi ya kutenga, glavu, spana zilizovishwa mpira. Nilimsikiliza nikasema moyoni, huyu ndiye aliyekuwa anakohoa nyuma ya pazia?

Siku moja alisema, "Sasa wote njooni huku nyuma ya mstari. Vaeni miwani. Tazameni kitakachotokea chuma kikigusa ncha mbili za betri hii." Nikasikia viti vikiburuzwa. Kisha ukapasuka mlio mmoja, mkavu, nami nikadhani upepo umebamiza mlango. Jofrey akapiga kelele, "Noma!" Halafu Eveline akasema, "Mmeona wenyewe. Betri ya zamani ilikuwa inatoa cheche. Hii haitoi cheche."

Mimi nikaandika: haitoi cheche.

Walipotoka, Vitus alikuwa bado anajifuta uso. "Mwaisumo, umeona lile?"

Nilitakiwa kusema sikuona, nilikuwa nje. Lakini mtu aliyekaa mbele ya watu Mbalizi akisoma betri kwa waya hapendi kusema hakuona. Nikasema, "Nimesikia vizuri."

"Basi kama umesikia, umeelewa," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Siku ya mtihani ilifika. Karakana ilipangwa meza nne, kila moja na betri yake ya lithiamu, inveta yake, mita, glavu, spana na nyaya. Watahiniwa wanne kwa mkupuo mmoja: mimi, Vitus, Jofrey, na Lusia, mama wa makamo anayefunga sola za kumwagilia huko Ilula. Crispin akatusomea utaratibu. Yeye ndiye atakayetoa alama. Lakini karakanani kutakuwa na msimamizi wa usalama. Msimamizi huyo hatoi alama hata moja. Kazi yake ni kumwita jina anayekaribia kuumia na kumwambia asimame. Na anayesimamishwa amefeli siku hiyo, awe nani, bila majadiliano. Anarudi kwenye mafunzo ya usalama na kungoja mtihani mwingine.

"Msimamizi wetu leo ni Mwalimu Eveline," akamaliza.

Nikanyoosha mkono tena. "Mwalimu, mimi nilisema."

"Najua, mzee. Naye alisema. Aliandika kabisa kwamba wewe ni mkwe wake, ndiyo maana alama natoa mimi. Lakini mwenye sifa ya usalama hapa ni yeye peke yake."

"Basi meza yangu iwe kule pembeni, asiitazame."

Crispin akaenda mlangoni, akanong'ona na mtu aliyekuwa nje, akarudi akikwaruza kidevu. "Anasema, kwa heshima zote, aambiwe baba kwamba msimamizi wa usalama hana pembeni."

Jofrey akapiga mluzi. Nikamkata jicho.

Akaingia. Nilimwona kwa pembe ya jicho tu: koti la bluu la karakana, kitambaa kichwani, mwili umegeuzwa nusu, macho yamepita juu ya meza yangu kuelekea ukutani. Watu wengine aliwasalimu kwa majina, Vitus, Jofrey, Mama Lusia. Mimi hakunitaja. Nikageuza mgongo wangu pia, tukabaki kama watu wawili waliopewa kitanda kimoja na mablanketi mawili.

Tukaanza. Nilitenga swichi. Nilifunga nyaya za paneli, safi, zimelala kama nywele zilizosukwa. Nilikaza kila bolti kwa spana yenye mpira. Crispin akapita, akaguna, na najua mguno wa mwalimu aliyeridhika, nimesikia mingi. Ikabaki betri. Nikachukua mita nikapima. Mita ikasema sifuri.

Nikakumbuka: lazima betri iamshwe kwa kitufe chake. Nikabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Hapo nilitakiwa kupima tena. Lakini mita ilikuwa imenidanganya mara moja, na mtu akinidanganya mara moja mimi simuulizi tena. Nauliza mikono yangu. Mbele yangu palikuwa na kipande cha waya mzito, nimekichuna ncha zote mbili. Glavu ya mkono wa kulia nilikuwa nimeshaivua. Haitoi cheche, alisema. Basi tuone kama haitoi. Nikaushika waya jinsi nilivyoushika maisha yangu yote, ncha moja nikaiweka, ncha ya pili nikaiinua kuigusisha, kuonja.

"Simama!"

Niliisikia. Vitus akainua mikono juu kama mtu aliyevamiwa. Lusia akadondosha spana. Jofrey akaganda. Lakini mimi sikusimama, na sababu yake ni ya kweli kabisa: sauti ile haikuwahi kuniambia neno lolote tangu ije nyumbani kwangu. Nilijua inamwambia mtu mwingine. Nikaendelea kuushusha waya.

"Anyelwisye! Anyelwisye Mwaisumo! Simama!"

Mkono wangu ukasimama wenyewe. Ukabaki hewani, waya umebakiza upana wa kidole kugusa ncha. Nikageuza kichwa, na yeye alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, macho makubwa, mkono wake umenyooshwa kuelekea kwangu na umetulia kabisa.

"Ondoa waya," akasema. "Taratibu. Weka chini. Rudi nyuma."

Nikauondoa. Nikauweka chini. Nikarudi nyuma. Alipoona nimeuvuka mstari, ndipo akageuka ukutani, akajifunika uso kwa kitambaa chake.

Crispin hakusema mengi. "Mzee, umesimamishwa." Nikasema, "Nimesikia." Safari hii nilikuwa nimesikia kweli.

Nikatoka nje, nikaketi kwenye kiti changu cha barazani, mwili wote ukiwaka. Nimetajwa jina na mkamwana, mbele ya Mbena mtani wangu. Nimefeli. Fundi mgeni atapanda juu ya bati la zahanati. Baadaye Vitus akaja na kitu mkononi, akaniwekea mapajani bila utani wowote. Ilikuwa spana. Nusu yake ilikuwa spana, na nusu nyingine ilikuwa imeyeyuka ikamwagika kama mshumaa uliopigwa na upepo.

"Ile ya siku ile darasani," akasema. "Iligusa mara moja tu. Nilidhani umeiona."

Niliishika spana ile kwa muda mrefu. Nilitazama vidole vyangu, vyote vimetimia. Betri ya zamani ilikuwa inatoa cheche. Hii haitoi cheche, inatoa radi. Wenzangu walioiona radi hawakuhitaji kuambiwa neno lililobaki. Mimi niliyekuwa nje niliandika nusu ya somo.

Nilirudi Chimala. Habari zilikuwa zimenitangulia, maana Jofrey ana simu na vidole vyepesi. Binamu yangu Sedekia, mzee wa kanisa, alikuwa ananingoja kwenye kiti changu mwenyewe.

"Mkamwana ametaja jina la mkwewe hadharani!" akaanza kabla sijaweka begi. "La kwanza na la ukoo! Mara mbili!"

"Mara mbili la kwanza, mara moja la ukoo," nikamsahihisha.

"Na akakutazama?"

"Alinitazama."

"Hii haijapata kutokea kwenye ukoo wetu. Lazima alete mbuzi."

"Sedekia, angetaja jina la nani? Lako?"

Akaondoka amenuna. Sikuwa na hamu ya kumshinda. Nilimweleza Yudith yote, mpaka lile la kusema nimesikia vizuri, na nikamwekea mkononi ile spana, maana niliiomba nikapewa. Aliigeuza, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akanishika mkono wa kulia akauhesabu vidole kama anavyofanya mkunga kwa mtoto mchanga. Akaenda kupika.

Jumamosi Peter na mkewe walifika, na walikuwa na mbuzi. Eveline alibaki uani, nyuma ya kona ya jiko, nami nilimwona Gloria tu akimkokota mbuzi kwa kamba.

"Mbuzi huyu ni wa nini?" nikamuuliza Peter.

"Wa kosa, baba."

"Kosa gani?"

Peter akatazama viatu vyake. "Mama Gloria hajalala vizuri tangu siku ile. Anasema amekuvunjia heshima mbele ya watu."

Mila ile niliipokea kwa baba yangu, na sikutaka ifie mikononi mwangu. Lakini nilijiuliza, heshima ni kitu gani kama si mtu kukutunza ubaki mzima? Nikapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mama Gloria!"

Kikohozi kidogo.

"Hapana. Leo sitaki kikohozi. Ingia ndani."

Kuku wakaparua uani. Kisha Yudith akasema huko nyuma, "Nenda, mwanangu, anakuita." Akaingia akaishia kizingitini, macho chini. Yudith akamburuzia kiti.

"Baba, nisamehe," akasema kwa sauti ndogo, si ile ya darasani.

"Nikuulize. Ungeweza kunyamaza?"

"Hapana, baba."

"Baada ya kunisimamisha, ungeweza kumwomba Crispin anisamehe, akaniacha niendelee?"

Akafikiri. Akainua kichwa kidogo. "Hapana, baba."

"Hata ningekuwa askofu?"

"Hata ungekuwa askofu, baba, ungerudi mafunzoni."

Mimi nimepata furaha nyingi maishani. Nimesomewa matokeo ya kidato cha nne mbele ya wanangu. Lakini sijui kama nimewahi kujaa kifua kama siku ile, nimekaa kwenye kiti changu, nimefeli, na mkamwana wangu ananiambia hanisogezei hata alama moja.

"Basi sikilizeni wote," nikasema. "Mbuzi harudi Iringa, njia ni ndefu na yeye hana hatia. Tutamla. Ila si mbuzi wa kosa. Ni wa shukrani, na mwenye kushukuru ni mimi, kwa hiyo Peter nitamrudishia mbuzi mwingine kutoka zizini, na achague mnene. Na wewe, Mama Gloria, nyumbani tutatila kama tulivyozoea. Nami nitakuheshimu kama unavyoniheshimu. Lakini palipo na betri, mimi ni fundi na wewe ni msimamizi. Utanitazama, na utanitaja jina."

Akapiga goti hapo hapo kizingitini, Kihehe na Kinyakyusa vikiwa vimechanganyika katika goti moja.

Nilirudi Iringa kwenye mafunzo ya usalama. Safari hii niliketi mstari wa mbele kabisa, hatua chache kutoka mezani, nimevaa miwani ya kinga, nikaiona radi kwa macho yangu. Kila kitu kikanyooka kichwani. Kwenye mtihani alisimama karakanani akaniita kama alivyowaita wenzangu, "Anyelwisye Mwaisumo, meza ya pili," sauti ikitetemeka kidogo mwanzoni kisha ikashika. Nilipima. Nikapima tena. Hata nilipokuwa na uhakika nilipima. Crispin akaguna, na alipoweka sahihi miwani yake ikakatika uzi. Cheti nikakitundika sebuleni, na Yudith akaongeza maneno kwa wageni: "Huo wa tatu aliusomea dirishani."

Mvua za masika zilinisaidia. Plasta ya chumba cha betri ilikataa kukauka, fundi uashi akalaumiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Nilipotoka Iringa na cheti na baadaye leseni, Sabina alikuwa ndiyo kwanza anapaka rangi mlango. Vyuma vya zamani nilivifungua mwenyewe kwenye bati lile lile. Kimoja nimekiweka, sikutaka kiende kwa wachuuzi wa chuma chakavu.

Siku ya kuwasha, usharika wote ulikuja. Kwaya iliimba, watoto walipanda mti wa parachichi ili waone. Utaratibu unataka fundi asiwashe mtambo wa betri peke yake. Lazima awepo wa pili anayethibitisha kila hatua kwa sauti, na Sabina alikuwa ameomba chuo kimtume mtu. Chuo kilimtuma Eveline.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha betri akiwa na koti lake la bluu. Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele, Sedekia katikati yao ameegemea fimbo. Nilimwona Eveline akiwatazama wazee wale. Midomo ikafunguka, jina halikutoka. Nikajua kwamba huku si Iringa. Huku ni nyumbani, na nyumbani tulisema tunatila.

Nikageuka nikamtazama. "Msimamizi," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mti wa parachichi, "palipo na betri tulikubaliana nini?"

Akavuta pumzi.

"Anyelwisye Mwaisumo! Umetenga?"

"Nimetenga!"

Benchi lote likageuka. Fimbo ya Sedekia ikagonga chini.

"Anyelwisye Mwaisumo! Umepima?"

"Nimepima!"

"Pima tena!"

Watu wakacheka. Nikapima tena. "Nimepima tena, msimamizi!"

"Washa."

Nikawasha. Friji ya chanjo ikaguna ikaanza kazi, na Sabina akakimbilia chumba cha kujifungulia kuhakikisha, akarudi amenyoosha mikono miwili juu. Kwaya haikungoja kuambiwa.

Katikati ya vigelegele hivyo mgeni mmoja wa wale waliotoa mtambo akamwinamia Sedekia akamuuliza, nami nilisikia, "Huyu mama anayemwamrisha fundi ni nani?"

Sedekia akafungua mdomo. Nilijua nikichelewa atasema jambo la mbuzi, nikamtangulia.

"Ni mkamwana wangu," nikasema. "Ni yeye aliyenifelisha."